Samaki Huugua Kabla ya Kuelea

Kwa miaka mingi adui wa samaki wa pwani ya Tanzania alitambulikana kwa mlio wake. Baruti ilipolipuka baharini, kishindo kilisikika hadi ufukweni, samaki wakaelea tumbo juu, matumbawe yakavunjika, na kila mwenye macho akajua kwamba uhalifu umetendeka. Sheria iliupiga marufuku uvuvi huo tangu mwaka 1970, na ingawa ilichukua miongo mingi kabla ya sheria hiyo kuheshimiwa, doria zilizokazwa baada ya mwaka 2015 zimeufanya mlio ule kuwa wa nadra. Kwa hilo wavuvi, viongozi wa vijiji na vyombo vya dola wanastahili pongezi.

Lakini yupo adui mwingine ambaye hana mlio. Huyu hutoka katika bomba la kiwanda, katika karakana imwagayo oili chafu mtaroni, katika shamba lililopigwa dawa siku moja kabla ya mvua, katika gati ambako meli hukwanguliwa rangi. Haachi samaki wakielea. Huwaacha wakiogelea, wakila, wakivuliwa na kuuzwa, hali wakiwa wagonjwa. Na kwa kuwa samaki mgonjwa hapigi kelele wala haiandikii wizara barua, ofisi nyingi zimejenga mazoea ya kuamini kwamba bahari isiyo na mizoga ni bahari salama. Imani hiyo ni ya hatari. Nchi zilizoishika kabla ya Tanzania zimelipa gharama zake, na hesabu yake haijafungwa hadi leo.

Mama anayefika katika soko la Feri, Dar es Salaam, ana kipimo chake. Hufunua mashavu ya samaki aone kama matamvua bado ni mekundu, hutazama jicho kama halijabonyea, hubonyeza mnofu kwa kidole, hunusa. Kipimo hicho ni kizuri na kimeziokoa familia nyingi na kuharisha. Hata hivyo hupima jambo moja tu, nalo ni muda uliopita tangu samaki afe. Hakisemi lolote juu ya namna alivyoishi. Ushahidi wa maisha yake umo katika kiungo ambacho wapara samaki hukitupa ndooni pamoja na matumbo bila hata kukitazama: ini.

Watu waliojifunza kulisoma ini hilo kwa makini ni wataalamu wa pwani ya magharibi ya Marekani. Katika kisiwa cha Bainbridge, mkabala wa mji wa Seattle, kuna ghuba ndogo iitwayo Eagle Harbor. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi mwaka 1988 kiwanda kimoja cha hapo kilikuwa kikitia mbao dawa ya kreosoti, yale mafuta meusi yatokanayo na makaa ya mawe ambayo hupakwa nguzo na mataruma ya reli ili yasioze. Mafuta hayo yalichuruzika, yakaingia ardhini, yakatua chini ya ghuba na kuchanganyika na tope. Juu maji yalikuwa maji. Vivuko vilipita, watu walitembea pwani, samaki walivuliwa.

Katika miaka ya 1980 wataalamu waliwavua samaki bapa wa jamii ya gayogayo, ambao hulala juu ya tope na kula minyoo iliyomo ndani yake, wakayachukua maini yao na kuyatazama kwa hadubini. Walichokikuta hakikuwa cha kubabaisha. Maini mengi yalikuwa na vidonda, chembe zilizobadilika umbo, na baadhi yalikuwa na saratani dhahiri. Samaki wa aina hiyohiyo waliovuliwa katika ghuba safi za jirani hawakuwa na maradhi hayo kwa kiwango hicho. Wataalamu hawakuishia hapo, maana mwenye kiwanda siku zote husema kwamba samaki huugua kwa mambo mengi. Walichuja kemikali kutoka katika tope la ghuba ile, wakawadunga samaki wazima katika matangi, na maini ya samaki hao nayo yakaanza kuonyesha dalili za mwanzo za ugonjwa uleule.

Hapa panahitajika kueleza jinsi sumu hiyo inavyofanya kazi, kwa sababu ndipo watendaji wengi wenye nia njema wanapopotezwa na karatasi ya maabara. Kemikali zilizomo katika kreosoti, oili chafu na moshi wa magari ni za kundi moja la hidrokaboni. Samaki anapozimeza, ini lake hujitahidi kuzivunjavunja ili zipate kutoka mwilini kwa njia ya nyongo. Kazi hiyo hufanyika upesi. Lakini katika kuvunjwa huko, vipande vinavyozaliwa njiani huwa vikali kuliko kemikali ya awali, navyo hung'ang'ania vinasaba vya ini lenyewe na kuviharibu. Samaki hujisafisha, na gharama ya usafi huo hulipwa na ini lake. Matokeo ni kwamba mkaguzi akichukua kipande cha mnofu na kukipeleka maabara kupima hidrokaboni, hukuta kidogo sana au asikute kitu. Karatasi hurudi ikiwa safi, mhuri hugongwa, faili hufungwa, na samaki walio katika ghuba huendelea kuota saratani. Kosa la mkaguzi huyo halikuwa uvivu wala hongo. Alipima mahali pasipo na habari.

Kisa cha Eagle Harbor kina sehemu ya pili ambayo haisimuliwi mara nyingi. Kati ya mwaka 1993 na 1994 sehemu kubwa ya tope lile, yapata hekta 22, ilifunikwa kwa tabaka la mchanga na udongo safi. Kisha wataalamu wakaendelea kuvua na kupasua mwaka baada ya mwaka. Katika muda wa miaka kumi hivi, uwezekano wa samaki kukutwa na ini bovu ulishuka kwa kiasi kikubwa. Maana yake ni kwamba ugonjwa wa samaki wale haukuwa kudra wala uzee, na kwamba ghuba inaweza kuponyeshwa. Ila kazi ya kuiponya haikuwa rahisi. Kiwanda kilikwisha kufungwa, na sehemu kubwa ya gharama za kusafisha ilibaki mikononi mwa serikali, yaani mifukoni mwa walipa kodi ambao hawakuuza hata nguzo moja.

Ini si kiungo pekee kinachotoa ushahidi. Tarehe 24 Machi, 1989, meli ya Exxon Valdez iligonga mwamba huko Alaska na kumwaga mafuta ghafi yapatayo lita milioni 40. Ulimwengu uliona picha za ndege waliotapakaa mafuta, ukahuzunika, kisha ukasahau. Utafiti uliofanywa katika miaka iliyofuata ulionyesha madhara ambayo picha zile hazikuweza kuyaonyesha: hata kiasi kidogo mno cha mafuta, kihesabiwacho kwa sehemu chache katika sehemu bilioni za maji, huuvuruga moyo wa kinda la samaki lingali ndani ya yai. Mapigo hupotea mwendo na umbo la moyo hupinda. Kinda laweza kuanguliwa na likaonekana zima, lakini huwa muogeleaji dhaifu, na baharini muogeleaji dhaifu ni chakula cha mwenzake. Hakuna mvuvi atakayeuona mzoga wake. Atakachokiona ni kwamba miaka kadhaa baadaye nyavu zinarudi nyepesi, naye ataambiwa na wataalamu wa mezani kwamba anavua kupita kiasi.

Nchini Uingereza, katika miaka ya 1990, madume ya samaki bapa waliovuliwa katika milango ya mito yenye viwanda na majitaka, kama vile Tyne na Mersey, yalikutwa na protini ya kiini cha yai katika damu. Protini hiyo hutengenezwa na majike yanapojiandaa kutaga. Baadhi ya madume yalikuwa na mayai ndani ya korodani zao. Kemikali zilizofanana na homoni za kike zilikuwa zimeingia majini kupitia mabomba ya majitaka na kuwachanganya samaki jinsia zao. Nao hawakuelea.

Yote hayo ni habari ya samaki anayeugua kwa niaba yake mwenyewe. Iko sumu ya namna nyingine, ambayo samaki haivunji wala haitoi bali huihifadhi, kisha humkabidhi anayemla. Mfano wake mkuu ni Minamata, mji wa wavuvi kusini mwa Japani. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilianza kutengeneza asetaldehidi mwaka 1932 kwa kutumia zebaki kama kichocheo, na katika mitambo hiyohiyo baadhi ya zebaki iligeuka kuwa zebaki ya methili, ambayo ni kali zaidi kwa ubongo na neva. Maji machafu yalimwagwa katika ghuba. Vijidudu vya baharini vikaifyonza, samaki wadogo wakala vijidudu hivyo, samaki wakubwa wakala wadogo, na kila ngazi ikazidisha mzigo wa ile iliyotangulia. Zebaki hiyo hujishika na protini ya nyama yenyewe, kwa hiyo haiondoki kwa kuosha, kuchemsha, kukaanga wala kukausha.

Dalili zilikuwepo kwa yeyote aliyetaka kuzisoma. Mapema katika miaka ya 1950 samaki wa Minamata walionekana wakielea au wakiogelea kwa kulewalewa hata watu wakawaokota kwa mikono. Ndege waliokula samaki walianguka. Paka wa wavuvi walishikwa na degedege, wakazunguka kama wenye wazimu na wengine kutumbukia baharini. Tarehe 1 Mei, 1956, mkuu wa hospitali ya kiwanda chenyewe, Daktari Hajime Hosokawa, aliwasilisha taarifa ya ugonjwa usiojulikana wa ubongo miongoni mwa binadamu. Mwaka 1958 kampuni ililihamisha bomba lake kutoka ghubani na kulielekeza kwenye mdomo wa mto, na kwa kufanya hivyo ikaieneza sumu katika eneo kubwa zaidi la bahari. Mwaka 1959 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walitangaza kwamba chanzo ni zebaki. Mwaka huohuo Hosokawa alimlisha paka maji ya kiwanda katika majaribio yake, paka akaugua ugonjwa uleule, na wakubwa wake wakamzuia kuendelea. Kiwanda hakikuacha kutumia njia ile hadi mwaka 1968, na ni mwaka huo tu serikali ya Japani ilipokiri rasmi chanzo cha ugonjwa.

Kwa mtumishi wa umma, jambo la kuzingatiwa zaidi katika kisa hicho lilitukia Novemba 1959. Wavuvi waliokata tamaa walikuwa wamekivamia kiwanda. Siku chache baadaye meya wa mji, pamoja na vyama vya wafanyakazi na vya wafanyabiashara, walikwenda kwa gavana kumwomba asikizuie kiwanda kumwaga maji yake, kwa hofu ya ajira na kodi. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu waliofanya hesabu wakiwa na safu moja tu ya tarakimu. Safu ya pili ilijaa baadaye: zaidi ya watu 2,200 wa Kumamoto na Kagoshima walitambuliwa rasmi kuwa wagonjwa, na makumi ya maelfu wengine wakalipwa fidia bila kutambuliwa hivyo. Watoto walizaliwa wakiwa wameharibika ubongo kwa sumu iliyopita katika kondo la mama. Nyavu ziliwekwa kuizingira ghuba mwaka 1974 ili samaki wasitoke, nazo hazikuondolewa hadi mwaka 1997. Meta za ujazo zipatazo milioni 1.5 za tope zilichimbwa na kufukiwa kwa gharama ya yeni bilioni 48 hivi. Hakuna ajira ya kiwanda kimoja inayolipa deni la namna hiyo.

Mtu anaweza kusema kwamba Tanzania si Japani, na kwamba viwanda vyake ni vichache mno kulinganishwa na vya huko. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuanza sasa, wakati ghuba bado zinaweza kulindwa kwa bei ya darubini kuliko kuponywa kwa bei ya kufukia bahari. Dalili nazo hazikosekani. Mto Msimbazi, uteremkao kutoka vilima vya Pugu na kulikatiza jiji la Dar es Salaam hadi baharini karibu na Daraja la Selander, umepimwa na watafiti kwa miongo kadhaa, na katika maji na tope lake yamekutwa madini kama risasi, kromi, shaba na zinki. Mdomo wa mto huo ni mikoko, na mikoko ni chekechea ya kamba na samaki. Isitoshe, wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita, Chunya na kwingineko bado hutumia zebaki, ingawa Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa kimataifa uliopewa jina la mji uleule wa Minamata.

Haiwezi kusemwa kwamba nchi haina sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatamka wazi kwamba anayechafua ndiye alipe. Haiwezi pia kusemwa kwamba haina taasisi: Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi iliundwa kwa sheria ya mwaka 1980, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lipo, Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara yake, na Taasisi ya Sayansi za Bahari iko Unguja. Kinachokosekana ni swali. Kiwanda hukaguliwa kwa kuchota maji kwenye bomba siku ambayo mkaguzi amefika, na meneja aliyepewa taarifa siku tatu kabla hujua la kufanya. Samaki alalaye juu ya tope hapewi taarifa. Yeye yupo usiku, yupo sikukuu, yupo siku ya mvua kubwa ambapo mabwawa ya taka hufunguliwa kwa kisingizio cha mafuriko. Ini lake ni daftari la mahudhurio ambalo hakuna anayeweza kulifuta.

Wapo watakaosema fedha hazitoshi. Na wakumbuke mwaka 1999. Mwaka huo Jumuiya ya Ulaya ilizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya habari kwamba baadhi ya watu waliwavua kwa sumu za kuulia wadudu. Serikali za Tanzania, Kenya na Uganda zilitikisika, na katika muda mfupi ukaguzi wa samaki wa kuuzwa nje ukaimarishwa kwa vifaa, kanuni na wataalamu. Mnunuzi wa ng'ambo alisema neno moja, maabara zikasimama. Mnunuzi wa Tandale na Mbagala amekula samaki wa pwani miaka yote hiyo, kalipa kwa shilingi yake, na bado anategemea kidole chake na pua yake.

Kinachotakiwa si kikubwa. Kila mwaka, katika mwezi uleule, wavuliwe samaki wa aina ileile wakaao chini, kwenye mdomo wa Msimbazi, bandari ya Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, na wengine wavuliwe katika maji ya Mafia mbali na viwanda ili wawe kipimo cha kulinganishia. Maini yakatwe na kusomwa kwa hadubini na mtaalamu wa tishu, nyongo ipimwe hidrokaboni, na mnofu wa samaki wakubwa upimwe zebaki. Jimbo la Washington, ambamo Eagle Harbor imo, limekuwa likiwachunguza samaki wake kwa utaratibu wa namna hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Matokeo yatolewe kwa Kiswahili, yakiwa na jina la mahali na idadi ya samaki waliopasuliwa, bila kusubiri idhini ya ofisi ambayo ndiyo iliyotoa kibali cha kiwanda. Afisa atakayetakiwa kuongeza muda wa kibali cha kumwaga maji alazimike kuziweka tarakimu hizo mezani kabla hajatia sahihi, na akitia sahihi kinyume chake aandike sababu.

Walimu nao wana sehemu yao, nayo haihitaji fungu la bajeti. Katika shule nyingi za sekondari za mwambao samaki hupasuliwa katika somo la baiolojia, viungo vikachorwa na kupewa majina, kisha vikatupwa. Mwanafunzi hufundishwa kwamba ini lipo. Akifundishwa pia rangi ya ini zima, uvimbe ulivyo, na kwamba samaki wa mahali fulani walikuwa na maini ya namna fulani mwaka jana, shule itakuwa na kumbukumbu yake. Kumbukumbu hiyo haitakuwa ya hadubini wala haitasimama mahakamani, kwa sababu ugonjwa wa mwanzo hauonekani kwa jicho. Lakini siku wataalamu watakapofika wakiuliza ni lini hali ilianza kubadilika, patakuwa na daftari la kufunguliwa.